Twiga ni Mkubwa: Miaka Minne Mezani kwa Mhungaria Aliyemsoma Vysotsky

Swali la kwanza aliloniuliza mwalimu yule lilihusu wanyama. Ilikuwa Budapest, jioni moja ya Novemba mwaka 2006, katika maktaba ndogo ya mtaa ambako watu wasiozidi ishirini tulikuwa tumekusanyika kusikiliza nyimbo za Kirusi zikiimbwa kwa Kihungaria. Nilikuwa na miezi miwili tu katika mji ule, nimeletwa na mkataba wa ukalimani, na nilikwenda pale kwa sababu tangazo lililobandikwa mlangoni lilikuwa na jina la Vladimir Vysotsky, ambalo sikutarajia kulikuta nje ya Urusi. Tulipokuwa tukivaa makoti ili tuondoke, mzee mmoja mrefu alinijia, akanisalimu kwa Kirusi fasaha na kuniuliza ninatoka wapi. Niliposema Tanzania uso wake ulikunjuka, na kabla hajaniuliza hata jina akasema: "Basi naomba msaada wako. Je, kwenu kuna bizoni?"

Nilimjibu kwamba hakuna. Bizoni ni ng'ombe mwitu wa Amerika na Ulaya; kwetu kuna nyati, naye ni mnyama mwingine kabisa. Akatoa kadi ngumu mfukoni, akaandika neno nyati herufi kwa herufi huku nikimtajia, akalipigia mstari, kisha akaweka tarehe. Alinieleza kwamba Vysotsky ana wimbo wa mzaha unaosimulia kisa cha Twiga mmoja, katikati ya Afrika yenye joto, aliyempenda Swala na kutaka kumwoa kinyume cha mila za wanyama wenzake, na kwamba kisa hicho kinaishia kwa binti wa ukoo wa twiga kuolewa na Bizoni. Vitabuni alikuwa ameshasoma kwamba bizoni hawaishi Afrika, lakini alitaka kulisikia jambo hilo kutoka kwa mtu aliyekua karibu na twiga. Mimi nimelelewa Morogoro, na twiga wa Mikumi tulikuwa tukiwaona kutoka dirishani mwa basi kila tulipokwenda kuwasalimu wajomba Iringa. Nilipomwambia hivyo, aliniomba nije kwake Alhamisi. Nilikwenda Alhamisi ile na Alhamisi nyingi zilizofuata kwa miaka minne, na mengi ninayoyajua juu ya namna ya kusoma kazi ya mtu mmoja kwa uaminifu niliyapata pale mezani kwake, kwenye nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya saba.

Vysotsky alizaliwa Moscow tarehe 25 Januari 1938 na akafia mji huohuo tarehe 25 Julai 1980, akiwa na umri wa miaka 42. Kazi yake ya mshahara ilikuwa uigizaji. Kuanzia mwaka 1964 alikuwa katika Ukumbi wa Taganka chini ya mwongozaji Yuri Lyubimov, na kuanzia mwaka 1971 aliigiza humo Hamlet, akiingia jukwaani na gitaa mkononi. Hata hivyo, kilichomwingiza katika kila nyumba ya nchi ile kubwa ni mamia ya nyimbo alizotunga na kuziimba mwenyewe kwa gitaa la nyuzi saba, kwa sauti ya kukwaruza. Serikali haikumfunga wala haikumkubali. Alipokuwa hai zilitoka santuri chache ndogo, lakini hakuchapishiwa diwani hata moja. Ya kwanza ilitoka mwaka 1981, yeye akiwa kaburini. Nyimbo zake zilisafiri kwenye kanda za kinasa sauti, zile za magurudumu mawili, mtu akinakili kwa jirani na jirani akinakili kwa nduguye, kutoka Moscow hadi Vladivostok. Kifo chake kilitokea katikati ya Michezo ya Olimpiki ya Moscow, na magazeti yakatoa tangazo fupi tu, lakini siku ya maziko makumi ya maelfu ya watu walijaa nje ya Taganka.

Warusi wenyewe wana taabu ya kumpa jina mtu wa namna hiyo. Husema "bardi", neno ambalo yeye hakulipenda, au husema "wimbo wa mwandishi", wakiwa na maana kwamba aliyeandika maneno ndiye aliyetia sauti na ndiye anayeimba. Mwalimu alinieleza kwamba Wahungaria pia hawana neno moja la kumwita mtu huyo, ingawa wao walikuwa na Cseh Tamás, aliyeimba na gitaa lake maneno yaliyoandikwa na Bereményi Géza. Nilimwambia kwamba sisi tunalo. Mtu wa namna hiyo kwetu ni malenga, na afanyacho si kuimba tu wala si kusoma tu, bali ni kughani; na tangu zamani mashairi yetu hutungwa ili yatoke kinywani, kwa hiyo hakuna mtu wa pwani atakayeuliza kama huyu ni mshairi au mwimbaji. Alinitaka niyarudie maneno yote mawili, malenga na kughani, akayaandika kila moja kwenye kadi yake. Baadaye, katika mazungumzo yetu ya Kirusi, akawa anasema "malenga" kama neno lake la siku zote, naye akilitamka kwa mkazo kwenye silabi ya kwanza, kwa sababu Kihungaria hukaza silabi ya kwanza ya kila neno.

Mimi mwenyewe nilimsikia Vysotsky kabla sijakijua Kirusi. Nilifika Moscow mwaka 1986 kusoma katika Chuo Kikuu cha Urafiki cha Patrice Lumumba, na mwaka wa kwanza wote tulikuwa katika kitivo cha matayarisho tukifundishwa lugha. Bwenini, chumba cha jirani kilikuwa na kinasa sauti kilichochakaa kilichokuwa kikilia usiku, na sauti iliyotoka humo niliidhania ya mzee mlevi anayegombana na watoto wake. Mwalimu wetu wa lugha alituletea wimbo wake unaohusu rafiki na mlima, ule uliomo katika filamu ya wapanda milima ya mwaka 1967, kwa sababu una vitenzi vyepesi na amri nyingi: mchukue, mjaribu, usimwache. Ndipo nilipotambua kwamba sauti ni ileile ya usiku. Mwaka 1987 serikali ileile iliyomnyima kitabu ikampa tuzo ya taifa, miaka saba baada ya kufa, na Januari 1988, ambapo angetimiza miaka 50, redio na televisheni hazikuwa na jambo lingine. Nilipomaliza masomo nilikuwa nazijua nyimbo kama thelathini kwa kichwa, na kwa sababu hiyo nilijihesabu kuwa ninamjua. Dhana hiyo ndiyo iliyovunjika Budapest, na ilivunjika kwa neno moja.

Upo wimbo wake wa mwishoni mwa miaka ya sitini ambamo anataja, jambo baada ya jambo, yale asiyoyapenda. Karibu na mwisho anamtaja Kristo aliyesulubiwa. Wimbo kama unavyojulikana na wengi, msemaji anasema kwamba kati ya walioonewa yupo anayemsikitikia, naye ni Kristo. Majira ya baridi ya mwaka 2007 mwalimu alinipa kanda moja ya zamani sana, akaniomba niandike kila neno ninalolisikia, kwa kuwa masikio yangu yalikuwa na umri mdogo kuliko yake. Niliandika ukurasa mzima kwa muda usiofika saa moja, nikampa, nikaenda jikoni kuchemsha maji ya chai. Niliporudi, alikuwa amerudisha kanda nyuma na kidole chake kipo kwenye mstari ule.

"Sikiliza hapa," alisema.

Nilisikiliza. Nikasema ni sawa na nilivyoandika. Akarudisha kanda. Mara ya tatu au ya nne hivi nilisikia, na mwili ulinisisimka: katika kanda ile Vysotsky haimbi kwamba anamsikitikia Kristo, anaimba kwamba hamsikitikii. Ndivyo alivyoutunga wimbo mwanzoni, na baadaye akaugeuza mstari ule ukasema kinyume chake, kwa kubadilisha maneno mawili matatu tu na bila kugusa wizani. Mimi nilikuwa nimeyaandika maneno niliyoyazoea. Sikio lilikuwa limeletewa neno moja na mkono ukaandika jingine, na katikati yake hapakupita hata chembe ya shaka.

Mwalimu hakunikaripia. Alinieleza kwa upole kwamba kazi yake yote kwa miaka zaidi ya thelathini ni kujizuia asifanye nilichokifanya. Vysotsky hakupata mhariri wala chapa ya mwisho, hivyo kila wimbo wake una sura nyingi: ile ya karatasi aliyoiandika kwa mkono, ya tamasha la kiwandani, ya sebuleni kwa rafiki, ya taasisi ya wanasayansi, na katika kila sura huenda limebadilika neno, au beti mbili zimepishana, au ubeti mzima umetoweka. Anayetaka kusema jambo lolote la kweli juu ya wimbo hana budi kusema kwanza ni sura ipi anayoizungumzia. Ndiyo maana alikuwa na yale masanduku ya kadi, yaliyojaa rafu mbili za ukutani, kila kadi ikiwa na jina la wimbo, mahali ulipoimbwa, siku kama inajulikana, na tofauti zake zote hata iwe kiunganishi kimoja. Jina la malenga wake alikuwa amelifupisha kwa herufi mbili za kwanza za maandishi ya Kihungaria, kwa kuwa wao humwandika Viszockij.

Niliandika upya ukurasa ule, na tangu siku hiyo nilianza kusikiliza kwa namna nyingine. Ukiwa mkalimani unajivunia kumwelewa msemaji kabla hajamaliza sentensi, na kazini uwezo huo ni mali. Mbele ya kanda ya Vysotsky ni hatari, kwa sababu anayejua kitakachosemwa hasikii kinachosemwa. Nimeshamwona mtu akiandika utenzi aliousikia kwa bibi yake akautengeneza palipomwonea kasoro, akidhani anamheshimu bibi.

Kanda zenyewe zilikuwa na mitego yao. Vinasa sauti vya wakati ule vilikuwa na mwendo zaidi ya mmoja, wa sentimita 19 kwa sekunde na wa 9.5, na mashine ya nyumbani iliyochoka haishiki mwendo wowote barabara. Kanda ikinakiliwa mara kumi kwa mashine kumi, sauti ya mtu hupanda ikawa ya kijana au hushuka ikawa ya jitu. Mwanzoni nilipendekeza tuurekebishe mwendo kwa kufuata gitaa, kwa kuwa uzi wa gitaa una sauti yake inayojulikana. Mwalimu alitikisa kichwa. Vysotsky alizoea kulegeza nyuzi zake chini ya kipimo cha kawaida, tena si kwa kiasi kilekile kila siku, kwa hiyo gitaa lake haliwezi kuwa shahidi. Yeye alitumia pumzi. Alikuwa amesikiliza kanda zilizo salama mara nyingi kiasi cha kujua malenga huyo huvuta pumzi kwa muda gani kati ya mstari na mstari, na kanda ikiharakishwa pumzi huwa fupi kuliko ya binadamu yule. Nilimwona akifumba macho, ameweka kiganja mezani, anasikiliza pumzi tu, maneno ameyaacha yapite.

Mwalimu alizaliwa Budapest mwaka 1946, hivyo alikuwa na miaka kumi vifaru vya Kisovieti vilipoingia mjini mwaka 1956 kuyazima mapinduzi. Kirusi kilikuwa somo la lazima katika shule za Hungaria tangu mwaka 1949, na watoto wengi waliona fahari kukisoma miaka minane na kutoka bila kuweza kuuliza njia. Kutojua ilikuwa namna yao ya kukataa. Yeye alikijua, akawa mwalimu wa Kirusi, na katikati ya miaka ya sabini rafiki yake mmoja aliyerejea kutoka masomoni Moscow alimletea kanda. Mwaka 1989 ulazima wa Kirusi uliondolewa, na walimu wa lugha hiyo kwa maelfu wakajikuta hawana wanafunzi. Wengi walirudi vyuoni kujifunza kufundisha Kiingereza au Kijerumani. Yeye alimalizia miaka yake ya kazi akifundisha jiografia, na jioni akaendelea na kadi zake. Askari wa mwisho wa Kisovieti aliondoka Hungaria Juni 1991. Majirani walimwuliza, na nadhani waliendelea kumwuliza hadi uzeeni, ni kitu gani anachokitafuta kwa Warusi sasa ambapo hakuna anayemlazimisha.

Na mimi nilimwuliza, nikiwa nimeshazoea nyumba yake kiasi cha kuthubutu. Badala ya kunijibu alichukua kadi za wimbo wa uwindaji wa mbwa mwitu, yule wa misitu ya Urusi na si mbwa mwitu wa Afrika, wa mwaka 1968, akanieleza kwanza uwindaji wenyewe, kwa kuwa alijua kwetu mnyama huyo hayupo na uwindaji huo haupo. Wawindaji huzungusha kamba msituni, wakaining'iniza vitambaa vyekundu vinavyopepea, wakaacha upande mmoja tu ambako wenye bunduki wamejificha. Kamba ni nyembamba na mbwa mwitu angeweza kuipita kwa hatua moja, lakini haipiti. Huviogopa vitambaa, na hukimbia kando kando yake hadi penye risasi. Katika wimbo msemaji ni mbwa mwitu mwenyewe. Anasema kwamba woga wa bendera wameunyonya katika ziwa la mama, anauliza kwa nini hawa wenye miguu ya mbio wanakwenda kufa bila kujaribu, na kisha yeye mmoja anaivuka kamba, na nyuma yake anawasikia watu wakipiga kelele za mshangao. Huhitaji kuambiwa bendera nyekundu zilikuwa na maana gani kwa msikilizaji wa nchi ile mwaka ule.

"Sisi tulizungushiwa kamba hiyo nikiwa na miaka kumi," aliniambia. "Yeye alizaliwa ndani yake. Nilitaka kujua mtu wa ndani anaionaje."

Sikupata kumsikia akilisema jambo hilo tena. Lakini nilianza kuelewa kwa nini hakuvumilia kabisa watu waliomfanya Vysotsky bango la kisiasa, wawe wa upande gani. Alikuwa akikumbusha kwamba mbwa mwitu yule hasemi habari za serikali, anasema habari za miguu yake na woga wake, na kwamba aliyetunga wimbo huo alitunga pia nyimbo za watu wanaogombana mbele ya televisheni, za marubani, za wachimba migodi, za wezi, za wanamichezo walioshindwa, na katika kila mmoja amesema "mimi". Askari waliopigana vita vya mwaka 1941 hadi 1945 walimwandikia barua kumwuliza kama yeye ndiye mwenzao wa kikosi fulani, naye vita vilipoanza alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Waliotoka magerezani waliamini alifungwa, na mabaharia walimwona wao. Katika matamasha alikuwa akieleza kwamba huandika kwa nafsi ya kwanza kwa sababu humwona mtu huyo kutoka ndani, kama mwigizaji anavyomwona mhusika wake. Mwalimu alilichukua jambo hili kwa uzito mkubwa. Kwake, kusema kwamba Vysotsky ndiye mbwa mwitu na kuishia hapo ni kumnyang'anya kazi aliyoifanya.

Wahungaria wana haki yao ndogo ya kumdai pia. Mkewe, mwigizaji wa Ufaransa Marina Vlady, aliigiza katika filamu ya mwongozaji wa Hungaria Mészáros Márta iliyotoka mwaka 1977, na Vysotsky anaonekana humo kwa muda mfupi pamoja naye. Mwalimu alikuwa na filamu hiyo, na mara moja tu alinionyesha sehemu ile, jioni, taa zimezimwa. Hakueleza chochote. Ilipokwisha aliwasha taa na tukarudi kwenye kanda.

Kazi ya Twiga tuliianza mwaka wangu wa tatu. Mwalimu alikuwa anakusanya habari za namna nyimbo hizi zinavyohamishwa kwenda lugha nyingine, na akaniomba nijaribu ule wa Afrika kwa Kiswahili, si kwa ajili ya kuchapisha, bali aone ni wapi utakataa. Kiini cha wimbo ni kiitikio chake. Wanyama wanalalamikia mapenzi ya Twiga na Swala, na kila wanapolalamika, Kasuku aliyejificha matawini anapaza sauti kuwaambia kwamba Twiga ni mkubwa, yeye ndiye aonaye vizuri zaidi. Basi wote wananyamaza. Mwishoni mila zimekwisha kuvunjika, wenye watoto wanalia, na wimbo unasema mwenye hatia si Twiga, ni yule aliyepiga kelele kutoka tawini.

Niliufanya kwa mizani ya shairi letu, nane kwa nane, na kiitikio kilinijia chenyewe nikiwa kwenye tramu: Twiga shingo ndefu mno, huona tusiyoona. Nilikipenda mno. Alhamisi nilimsomea, kisha nikamwandikia chini ya kila neno maana yake kwa Kirusi, kama alivyotaka siku zote. Alitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akaweka kalamu kwenye neno la pili.

"Hii shingo imetoka wapi?"

Nilimweleza kwamba twiga ana shingo ndefu, ndiyo maana anaona mbali, na kwamba kwa Mswahili picha hiyo inakaa vizuri. Akakubali kwamba inakaa vizuri. Kisha akasema kwamba Vysotsky naye alijua twiga ana shingo, hata hivyo hakuitaja. Alisema tu kwamba ni mkubwa. Kama ni shingo, Kasuku anasema kweli, kwa sababu mwenye shingo ndefu huona mbali kwelikweli. Kama ni ukubwa tu, Kasuku anasema jambo lisilo na msingi wowote, na wanyama wanaliamini kwa sababu ya ukubwa. Wimbo mzima umesimama pale.

Nilikaa kimya. Neno "mkubwa" nilikuwa nimelikwepa kwa kuliona la kawaida mno, nami natoka katika lugha ambamo mkubwa ni mwenye umbo kubwa, na mkubwa ni bosi, na tunaambiwa tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mwenye nguvu mpishe. Hakuna lugha iliyokuwa tayari kuupokea wimbo huu kama yangu, na mimi nilikuwa nimeufunga mlango kwa shingo. Nilikiandika upya palepale mezani: Twiga ni mkubwa sana, yeye ndiye aonaye. Nane kwa nane.

Aliniomba nikiimbe. Sina sauti ya kuimba, lakini nilijaribu kwa ile sauti ya Vysotsky, naye akanisimamisha kwenye "mkubwa" akaniuliza kwa nini ile m inajitegemea. Nikamweleza kwamba katika hesabu ya mizani m hiyo ni silabi kamili, ina pigo lake. Alisimama akatembea hadi dirishani. Vysotsky ana tabia inayomtofautisha na waimbaji karibu wote: mahali ambapo wengine huvuta irabu, yeye huvuta konsonanti, akaing'ang'ania r au l au m hadi gitaa linamsubiri. Katika Kihungaria kufanya hivyo kunaliharibu neno. Katika Kiswahili m ya "mkubwa" tayari imesimama peke yake, na malenga anaweza kuivuta apendavyo bila kuvunja mizani. Tuliirudia mara nyingi jioni ile, mimi nikivuta m na yeye akihesabu kwa kiganja, na alikuwa na furaha ambayo sikupata kuiona kwake tena.

Palibaki Bizoni. Katika Kirusi jina hilo linatoa kina na neno lenye maana ya "sheria", na huenda hiyo ndiyo sababu pekee ya kuwamo. Mwalimu alitaka tuweke nyati, kwa kuwa sasa alikuwa na shahidi wa kweli na kadi yenye tarehe. Mimi nilitaka bizoni abaki, kwa kuwa Afrika ya wimbo ule si Mikumi, ni Moscow iliyotiwa rangi ya manjano, na nyati angeifanya iwe kwetu wakati yeye hakuwa akisema habari zetu. Nilimkumbusha shingo. Akanijibu kwamba shingo ilikuwa nyongeza yangu, lakini bizoni ni mnyama, na mnyama ana makazi.

Mkataba wangu ulikwisha mwaka 2010 tukiwa hatujakubaliana, nikarudi Morogoro. Tuliandikiana barua kwa miaka mitatu, za karatasi, kwa Kirusi, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Ya mwisho ilifika Machi 2013 na ilikuwa na kurasa mbili: sentensi moja ya salamu, moja ya habari za mguu uliokuwa ukimsumbua ngazini, na sehemu yote iliyobaki ilihusu kanda aliyoipata ambamo Vysotsky, kabla ya kuimba wimbo wa Twiga, anakohoa, anaweka sawa uzi mmoja, na kusema maneno machache ambayo hayasikiki vizuri. Alikuwa ameyaandika jinsi alivyoyasikia, akaacha nafasi tatu tupu palipokuwa na sauti asizoweza kuzithibitisha, na kunitaka nisizijaze mpaka nimesikia mwenyewe. Pembeni, kwa penseli, aliandika kwa Kiswahili: nyati.

Kanda hiyo aliinakili, akaituma kwa mkono wa mtu aliyekuwa akija Dar es Salaam. Ninayo. Nafasi ya kwanza na ya tatu nimeshazijaza. Ya pili bado.